Usichambue Karafuu Juu ya Mti

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wanaoandika riwaya, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum. Wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari mapajani, ahsanteni kwa kuniita. Nimeambiwa nizungumze juu ya kuandika riwaya kwa haraka: vipi mtu ataipata rasimu nzima, mwanzo hadi mwisho, ndani ya mwezi mmoja au mwezi na nusu, na desturi zipi zitamfikisha huko. Nimekubali kwa sababu jambo hili limenila miaka mingi, na sitaki liwale na nyinyi.

Nianzie kwenye mkarafuu, maana tuko Pemba na hakuna asiyenielewa.

Nilikuwa na miaka 11 baba aliponiruhusu kupanda mkarafuu kwa mara ya kwanza. Nikatundika pakacha langu kwenye tawi, nikavuta tanzu kwa upembo, nikaanza kuchuma. Lakini mie nilitaka sifa. Nilitaka nikishuka, pakacha langu liwe safi, karafuu tupu, pasiwe na jani wala kikonyo, kile kijiti kinachoshikilia karafuu. Basi kila shada nililolikata nikalikalia pale pale juu ya tawi, natoa karafuu moja moja, makonyo nayaachia yaanguke. Baba alikuwa mti wa pili. Akaona makonyo yanadondoka kama mvua ya rasharasha.

"We mwana, wafanyani huko juu?"

"Nachambua, baba."

"Nani kakwambia uchambue? Chuma! Kuchambua ni kazi ya usiku."

Sikumsikia. Jua lilipotua, wenzangu kila mmoja alikuwa na pakacha limejaa hadi mdomoni. Mie nilikuwa na karafuu safi sana, zisizofika hata pishi moja.

Usiku ule likatandikwa jamvi ukumbini, kandili ikawekwa katikati, tukakaa kuchambua: bibi, mama, shangazi na sisi watoto. Bibi yangu alikuwa akilichukua shada, analisugua kwenye kiganja mara moja, karafuu zinaangukia huku, makonyo yanaangukia kule. Hatazami hata mikono yake. Anasimulia hadithi, na mlima wa karafuu unapanda mbele yake. Nikaelewa, ingawa sikuwa na maneno ya kulisema, kwamba kazi ile ile niliyohangaika nayo kutwa juu ya tawi ilikuwa nyepesi ikifanywa wakati wake na mahali pake.

Na mnajua kwa nini baba alikuwa mkali. Karafuu haisubiri. Ikiachwa mtini ikachanua ua, thamani imekwisha. Kwa hiyo juu ya mti panatakiwa mkono mwepesi, na kwenye jamvi panatakiwa jicho. Ni kazi mbili, na mwenye kuzichanganya hupoteza zote mbili.

Mtashangaa kwamba somo hilo nilipewa nikiwa na miaka 11, kisha nikalisahau nilipoanza kuandika. Riwaya yangu ya kwanza niliikalia miaka tisa. Sura ya kwanza niliiandika mara 11. Kila nikikaa, nasoma nilichoandika jana, naona neno halijakaa vizuri, nalifuta, natafuta jingine, sentensi ya jirani nayo inaharibika, narekebisha na hiyo, adhana inanikuta papo hapo. Baada ya miaka tisa sura ya kwanza ilikuwa inang'aa, na ya pili haikuwepo. Kibaya zaidi, mie mwenyewe nilikuwa nimebadilika. Mhusika wangu mkuu nilimwanza nikiwa kijana nisiyeoa, na nilipomrudia kwa mara ya 11 nilikuwa baba wa watoto wawili. Hasira zake sikuzikumbuka tena. Hadithi ilikuwa imechanua mtini.

Sasa sikilizeni kilichoniokoa, kwa sababu sikukipanga.

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Njia yake inayopita chini ya bahari kutoka Bara iliharibika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mie wakati huo nilikuwa nikisomesha skuli moja mjini na nikikaa Kikwajuni. Walio wakubwa hapa mnakumbuka hali ilivyokuwa: pampu za maji hazifanyi kazi, watu foleni na madumu, wenye majenereta wanaunguruma, wasio nayo wanawasha kandili na mishumaa. Ilikuwa shida kubwa, watu walipoteza biashara zao, na simwombei yeyote hali ile irudi.

Lakini giza lilinifanyia jambo moja. Televisheni hakuna. Simu imezimika au inaokoa chaji. Baada ya Isha tunakaa barazani kidogo na majirani, kahawa ikipita, kisha giza linatufukuza ndani. Saa tatu usiku nimelala. Mtu akilala saa tatu, saa tisa na nusu usiku macho yamefunguka yenyewe. Nikawa naamka, nawasha kandili, nakaa sakafuni na kaunta buku langu, naandika. Muda wangu ulikuwa na ukuta mmoja tu: adhana ya Alfajiri. Kwa sababu muadhini akiadhini naswali, nikimaliza nachukua madumu mawili nakwenda kisimani, na nikichelewa foleni imefika barabarani. Basi neno la kwanza la muadhini likinikuta katikati ya sentensi, kalamu inawekwa pale pale.

Nilikuwa na mwanga mchache vilevile, na hili nalisisitiza. Kandili yangu ilikuwa na kioo cheusi upande mmoja. Ikiangaza ukurasa ninaouandika, ukurasa wa jana unabaki gizani. Ukitaka kurudi nyuma kusoma, lazima uihamishe taa. Uvivu wa kuhamisha taa ukanizuia kuchambua. Nikawa nachuma tu. Kurasa sita kila alfajiri, siku nyingine tano, siku moja tisa. Baada ya siku 38 nikaandika neno la mwisho. Kitu kilichonishinda miaka tisa kwenye mwanga kilinimalizikia siku 38 gizani.

Kurasa zile zilikuwa mbaya? Ndiyo, nyingi zilikuwa mbaya. Mhusika mmoja alikufa sura ya nne na sura ya saba akaja harusini. Lakini zilikuwepo. Huwezi kukaa jamvini kuchambua pakacha tupu.

Kuna wanaosema haraka haraka haina baraka. Mzee mmoja tuliyekuwa tukinywa naye kahawa aliniambia hivyo hivyo, na namheshimu mpaka leo. Nilimjibu: mzee wangu, mbona karafuu twazichuma mbio na hakuna anayesema hazina baraka? Baraka yake iko kwenye kuchambua na kuanika. Mtu akichuma mbio halafu akaipakia ikiwa mbichi na makonyo yake, huyo ndiye mwenye haraka mbaya. Mie siwaambii mchapishe haraka. Nawaambia mchume haraka. Kuchambua kuchukue mwaka mkitaka.

Na jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1999, huko San Francisco, Marekani, kijana aitwaye Chris Baty aliwakusanya wenzake, wote wakawa watu 21, wakaahidiana kila mmoja aandike riwaya nzima ndani ya mwezi wa Julai. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, na desturi ile ikaenea duniani kote: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani maneno 1,667 kila siku. Taasisi iliyokuwa ikiusimamia mwezi huo ilitangaza kufunga milango mwaka 2025, lakini watu bado wanaandika. Wengi wenu mmeisikia hesabu hiyo, na baadhi yenu mmejaribu mkakata tamaa siku ya tano. Nataka niseme kitu juu yake ambacho huwa hatuambiwi.

Hesabu hiyo imekatwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakihesabiki vile. Andika "hatukumwamini". Hilo ni neno moja. Mwingereza anataka maneno matano kulisema. Andika "asingelinipigia". Neno moja, yeye atatumia sita. Maneno yetu yamebeba mtendaji, wakati, mtendwa na ukanushi, vyote juu ya kitenzi kimoja, kama punda wa shamba. Kwa hiyo anayejilazimisha maneno 1,667 ya Kiswahili kwa siku anabeba mzigo mkubwa kuliko wa Mwingereza, halafu akishindwa anajiona mvivu. Wanafunzi wangu nawapa 1,200. Kwa siku 30 ni maneno 36,000, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Ukija kuchambua itaongezeka penye upungufu. Na ukiandika kwa mkono usihesabu maneno kabisa. Hesabu kurasa. Kaunta buku la mistari, mwandiko wa kawaida, ukurasa mmoja unabeba kama maneno 200. Kurasa sita, funga daftari.

Sasa niwaeleze kosa langu kubwa, kubwa kuliko ile miaka tisa.

Umeme uliporudi Machi 2010, mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, na mie nikapiga. Rasimu ninayo, niliamini nimeshakuwa mwandishi. Nikajiambia ya pili nitaianza vilevile, saa tisa na nusu. Haikuwezekana. Taa ziko, televisheni iko, wageni wanakaa hadi saa tano usiku, na mtoto wetu wa tatu amezaliwa, analia saa tisa na nusu hiyo hiyo. Nilijilazimisha miaka minne. Nikiamka kichwa kizito, nikikaa nasinzia, nikisinzia najilaumu. Nilidhani desturi ile ilikuwa mali yangu. Kumbe ilikuwa mali ya giza lile, ya kisima kile na ya nyumba ile kabla mtoto hajazaliwa. Hali ilipoondoka, ikaondoka nayo. Miaka minne nilikuwa namlilia maiti badala ya kutazama siku yangu mpya imekaaje.

Siku nilipoitazama nikaona kitu. Skuli yetu ilikuwa na mikondo miwili. Mkondo wa asubuhi ukitoka, kabla wa mchana haujaingia, darasa moja la ghorofani hubaki tupu kwa dakika 30 hadi 40. Vumbi la chaki, viti vimegeuzwa, madirisha wazi, kelele za watoto ziko chini uwanjani. Nikaanza kukaa mle. Mtu atasema dakika 30 ni nini? Nami nilisema hivyo, mpaka niliposoma habari za Anthony Trollope. Huyu alikuwa Mwingereza wa karne ya 19, mtumishi wa Posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, saa yake mbele yake, anajidai maneno 250 kila robo saa. Akimaliza anakwenda kazini. Aliandika riwaya 47. Sikumwiga alfajiri yake, maana alfajiri yangu ilikuwa ya mtoto. Nilichukua ile robo saa. Kurasa mbili darasani mchana, ukurasa mmoja na nusu ndani ya daladala iliyosimama ikisubiri abiria, ukurasa mmoja usiku nikiweza. Riwaya ya pili ilinichukua siku 61, na ninaithamini kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Maalim, saa gani nzuri ya kuandika?" simjibu. Namwambia apime. Wiki moja kabla ya kuanza mwezi wake, kila siku ajaribu saa tofauti na mahali tofauti: leo baada ya Alfajiri, kesho baada ya Adhuhuri watu wakiwa wamelala, keshokutwa baada ya Isha. Leo ndani, kesho barazani, keshokutwa chini ya muembe. Leo kalamu, kesho simu. Kila mara andika pembeni: saa ngapi nilianza, nani alinikatiza, nilipata kurasa ngapi. Usiandike ulivyojisikia, maana hisia zinadanganya. Zipo siku unajiona mzito na kurasa zimetoka nne, na siku unajiona mwepesi na hujaandika kitu. Mwisho wa wiki daftari litakwambia ukweli wako.

Nimewahi kufanya wiki hiyo na mama mmoja wa hapa hapa kisiwani, anauza maandazi. Alisema hana muda kabisa, na kweli ukimtazama hana: usiku anakanda unga, saa kumi alfajiri anakata na kuchoma, mchana watoto, jioni kupika. Tukapima. Ikaonekana mikono yake haina nafasi lakini mdomo wake unayo. Akiwa mbele ya karai, mafuta yanachemka, anageuza maandazi kwa mkono mmoja, mdomo hauna kazi. Akaiweka simu juu ya rafu, mbali na mafuta, akaanza kusimulia. Sauti ya kwanza aliyonipelekea ilianza na mchichito wa mafuta, halafu yeye anasema, polepole, kama anayeongea na mtoto: "Basi yule mwanamke akafunga mlango, lakini ufunguo hakuuchukua." Nilisimama nilipokuwa. Siku za Ijumaa baada ya swala binti yake anamwandikia anachosikia simuni, na mama anasahihisha. Rasimu imekamilika. Sasa yuko jamvini.

Wapo watakaosema huko si kuandika. Mwaka 1866 Dostoevsky, Mrusi, alikuwa na deni na mkataba mbaya na mchapishaji. Asipokabidhi riwaya mpya kwa tarehe waliyoandikiana, haki za vitabu vyake zinakwenda kwa mchapishaji. Akamwajiri binti mmoja anayejua hatimkato, yaani mwandiko wa haraka, jina lake Anna Snitkina, akawa anamsemea yeye anaandika, na kwa siku 26 riwaya ikakamilika. Mwaka uliofuata wakaoana. Na sisi kusimulia ndiko tulikotoka. Nani hapa hajalala miguuni mwa bibi yake akisikia "Paukwa!" naye akajibu "Pakawa!"? Bibi yangu hakujua kuandika jina lake, lakini hadithi yake haikukwama sura ya kwanza hata mara moja. Alikuwa na wasikilizaji wanaomngoja, na hilo lilimsukuma mbele.

Hapo napata jambo jingine: mtu wa kukungoja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mtu wa magazeti, ndiye aliyetupa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani, na hadithi yake ya kwanza ya upelelezi ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Shindano lina tarehe ya kufunga. Tarehe ile inakutoa kitandani. Kama shindano hakuna, jifanyieni wenyewe. Kaeni wawili au watatu, kila usiku mpelekeane ujumbe wa namba tu: sita, nne, sifuri, saba. Msipelekeane kurasa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wazuri wameuawa na sifa na wameuawa na lawama, vyote katika wiki ya kwanza. Mwenzio akisoma sura yako mbichi akakwambia tamu, utaanza kuilinda. Akikwambia mbaya, utarudi kuisafisha. Kote kuwili umeshakaa juu ya tawi unachambua.

Na nyumba zetu, jamani. Nyumba ya Kizanzibari haina mlango wa kumfungia mgeni, na sitaki iwe nao. Lakini mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba, mama yako au mumeo au mkeo, "nipe kuanzia saa hii mpaka adhana". Taja adhana, usitaje dakika, kila mtu ataelewa. Akina baba mliomo humu, na hili nalisema nikimaanisha: kama mkeo ana hadithi kifuani, mchukue mtoto, nenda naye pwani akaangalie ngalawa, umwachie saa moja. Nimesoma miswada ya wanawake wa visiwa hivi iliyokatika ukurasa wa 20, na najua ilikatikia wapi.

Kwenye mambo madogo nitakwenda mbio. Mpango wa hadithi uandikeni kwa ukurasa mmoja usizidi: nani anataka nini, nani anamzuia, na inakwishaje. Ukibadilika njiani uacheni ubadilike. Ukifika pahali hujui kitu, mathali meli gani ilikuwa ikienda bandari ya Mkoani mwaka ule au pishi ya karafuu ilikuwa bei gani, chora nyota pembeni na uendelee. Mie niliwahi kusimama siku tatu kutafuta jina la mtaa, na nilipolipata sikujua tena yule mtu alikuwa anakwenda kufanya nini pale. Ukigundua mhusika alipaswa kuwa mjane tangu mwanzo, usirudi mwanzo. Andika pembeni "ni mjane", na kuanzia mstari unaofuata awe mjane.

Lakini hili la kuacha katikati ya sentensi nataka nilikalie, maana ndilo lililonifaa kuliko yote. Kwanza nilidhani muadhini ananikatizia utamu. Kumbe asubuhi ya pili nikifungua daftari nakuta sentensi inaning'inia, na mkono unaikamilisha kabla kichwa hakijauliza "leo niandike nini?" Waliowahi kuishi na meko ya mafiga wanajua. Usiku bibi hazimi moto. Anayakusanya makaa, anayafunika kwa jivu. Alfajiri anafukua, analikuta kaa jekundu, anaweka kumbi la nazi, anapuliza mara mbili. Anayeuacha moto uwake hadi uishe kabisa, asubuhi anakwenda kuomba kaa kwa jirani. Basi usiandike mpaka ukakauka. Acha ukiwa bado unajua nini kinafuata.

Ukimaliza rasimu, iweke arubaini. Mzazi anakaa ndani siku 40, na mswada nao ukae. Usiufungue. Ukitoka arubaini, tandika jamvi. Hapo sasa uwe mkali kama ulivyotaka kuwa mkali tangu siku ya kwanza, ni halali yako. Utakachokitoa usikichane. Makonyo hayatupwi, pale kiwandani Wawi yanatolewa mafuta. Mie nina daftari zima la makonyo: mandhari yaliyokatwa, mtu aliyeondolewa, mazungumzo yaliyokuwa marefu mno. Riwaya yangu ya pili imeanza na kurasa mbili nilizozitoa kwenye ya kwanza.

Kuna binti pale nyuma alinyoosha mkono mapema, nikamwomba asubiri. Haya, sema mwanangu.

(Aliuliza: "Maalim, nikikosa siku tatu, niandike kurasa 18 siku ya nne?")

Hapana. Siku ya nne andika sita. Zile zilizopita usizilipe. Nimewaona wengi wakikosa siku mbili wakabeba deni, wakashindwa kulilipa, wakaona aibu, wakaacha kabisa. Watu wanaumwa, mazishi yapo, harusi zipo, mitihani ipo, na ukiwa mpishi wa futari mwezi wa Ramadhani jioni zako si zako. Chagua mwezi unaokufaa wewe, na siku ikikupita, sogeza mwisho mbele kwa siku moja. Rasimu ya siku 38 na ya siku 61 zimelala kabati moja kwangu.

Hili hapa ndilo lile kaunta buku la mwaka 2010. Lipitisheni, lishikeni, msiogope mabaka, ni mafuta ya taa. Fungueni ukurasa niliouwekea utepe. Someni mstari wa mwisho: "Alipofika kizingitini akamkuta". Pameishia hapo. Ukurasa wa pili, wino umebadilika, ni siku nyingine: "kakaa na koti la baba yake magotini." Nilipoandika "akamkuta" nilikuwa namjua anayemkuta. Koti nililipata usingizini.

Pale mezani pana madaftari, kila mmoja achukue moja. Saa yangu inasema saa sita na dakika mbili. Adhana ya Adhuhuri bado kidogo. Simu zipeni wazee wa mbele watuwekee. Ukurasa wa kwanza ruhusa uwe mbaya. Muadhini akiwakuta katikati ya sentensi, wekeni kalamu chini papo hapo, twende tukaswali.

Bismillah, andikeni.